Takwimu za ngisi hazikubaliani: dalili, chanzo na la kufanya

Ngisi wengi wanaovuliwa na meli za kukokota huishi mwaka mmoja au pungufu. Hutaga, hufa, na waliobaki mwaka jana hawapo tena mwaka huu. Kwa hiyo wingi wao lazima upimwe msimu ukiwa unaendelea, na chombo kikuu cha kupimia ni meli zenyewe: ngisi walionaswa, wakigawanywa kwa juhudi iliyotumika kuwanasa. Kugawanya si kazi. Matatizo karibu yote hutoka chini ya mstari, kwenye hiyo “saa moja ya kukokota” ambayo kila meli inaiandika kwa tafsiri yake.

Hapa tunatumia neno mkokoto kwa tendo moja la kushusha wavu, kuuvuta na kuupandisha. Mavuno kwa saa ni kilo au idadi ya ngisi kwa saa moja ya wavu kuwa kazini. Kigezo cha unasaji ni sehemu ya ngisi waliopo inayonaswa na kipimo kimoja cha juhudi.

Kwanza kabisa: pitia mikokoto 20 kwa mkono

Kabla ya kushuku bahari, shuku daftari. Chukua mikokoto 20 kutoka meli tofauti, ikague mmoja mmoja kwa kalamu na ramani. Kwa kila mmoja pima umbali kati ya mahali ilipoanzia na ilipoishia, ugawe kwa muda. Wavu wa ngisi huvutwa kwa noti 3 hadi 4 hivi (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ukipata noti 1.5, ama meli iligeuka njiani na umepima mstari ulionyooka, ama muda umejumuisha kushusha na kupandisha. Ukipata noti 9, nambari ya mahali imekosewa.

Kosa la mahali linalojirudia kuliko yote ni la digrii na dakika. Nahodha anaandika 51.45 akimaanisha digrii 51 dakika 45. Kompyuta inaisoma kama desimali. Mahali halisi ni 51.75. Tofauti ni digrii 0.30, yaani maili 18 za baharini, na mkokoto wa kwenye kina cha mita 150 unaweza kuonekana umefanyika kwenye kina cha mita 600. Utambulisho wake ni rahisi: tazama tarakimu mbili baada ya nukta kwenye daftari zima. Kama hakuna hata moja inayozidi 59, hizo si desimali, ni dakika.

Kosa la muda ni la kimyakimya zaidi. Saa ya kuanza ni pale waya za kukokotea zinapoacha kutoka na breki ya winchi inafungwa wavu ukiwa chini. Saa ya kumaliza ni pale winchi inapoanza kuvuta. Meli nyingine huandika tangu wavu unapoacha sitaha hadi unaporudi. Ikiwa kushusha na kupandisha vinakula dakika 30 kwa jumla, mkokoto wa saa 2 unaandikwa saa 2.5, na mavuno kwa saa yanapungua kwa asilimia 20 bila ngisi hata mmoja kupungua. Ukizilinganisha meli mbili zinazoandika tofauti, utasema mmoja wa manahodha ni hodari kumbe hodari ni kalamu yake. Dawa: andika ufafanuzi huo juu ya kila ukurasa wa fomu, usiuache kwenye mwongozo uliofungiwa kabatini.

Dalili: mavuno ya siku yamenyooka kama yamepigwa rula

Siku 12 mfululizo meli inaripoti tani 48, 50, 49, 50, 50. Bahari haifanyi hivyo. Hapo unachopima ni jokofu.

Meli inayogandisha inajua kiasi gani inaweza kupanga kwenye trei na kugandisha kwa saa 24. Ngisi wakiwa wengi, nahodha hapunguzi bei wala hatupi. Anakokota saa chache, anasubiri kiwanda kimalize, kisha anashusha tena. Ukitumia “siku ya uvuvi” kama juhudi, wingi unaweza kuwa mara mbili ya wiki iliyopita na takwimu isitikisike.

Chora chati ya idadi ya siku kwa kila kiwango cha mavuno, meli moja moja. Rundo likibanana upande wa juu na kukatika ghafla, umelipata. Hamia kwenye saa za kukokota badala ya siku. Hata hapo kuna mtego: nahodha anayeogopa kuponda ngisi kwa mzigo mkubwa anaweza kukwepa kundi zito makusudi, au kuinua wavu mara kihisi cha kwenye mfuko wa nyuma kinapomwambia umejaa. Uliza kama vihisi hivyo vipo, na vimefungwa umbali gani kutoka mwisho wa mfuko. Ni swali dogo, lakini majibu yake yanaeleza mikokoto mingi mifupi isiyoeleweka.

Ndugu ya dalili hii: daftari linaonyesha tani 30 Jumatatu na tani 55 Jumanne, ilhali saa za kukokota ni zile zile. Mara nyingi nahodha anaandika kilichotoka kiwandani siku hiyo, si kilichotoka majini. Ngisi wa jioni hugandishwa kesho yake. Linganisha jumla ya siku tatu tatu. Kama tofauti inayeyuka, tatizo lilikuwa hilo tu.

Dalili: mavuno kwa saa hayashuki, kisha yanaanguka kwa wiki moja

Hii ndiyo dalili ya hatari, kwa sababu kwa wiki nyingi inafanana na habari njema.

Ngisi hujikusanya. Wakipungua hawatawanyiki sawasawa baharini. Wanaobaki huendelea kukaa makundi kwenye maeneo yale wanayoyapenda, na meli huwafuata huko. Nahodha mmoja akipata, redio inafanya yaliyobaki. Mavuno kwa saa ndani ya kundi yanabaki juu mpaka kundi la mwisho linapokwisha. Ulichokuwa unapima ni unene wa kundi, si idadi ya makundi.

Jinsi ya kuthibitisha: gawanya eneo katika miraba ya maili 10 kwa 10, hesabu kila wiki ni miraba mingapi ilivuliwa. Tuseme wiki ya kwanza meli zilivua miraba 24 kwa wastani wa tani 1.2 kwa saa, na wiki ya tano zimebana kwenye miraba 7, bado tani 1.2. Wastani wa kawaida unasema hakuna kilichobadilika. Sasa jumlisha kwa miraba: wiki ya kwanza 24 × 1.2 = 28.8. Wiki ya tano 7 × 1.2 = 8.4, pamoja na miraba 17 iliyoachwa. Hiyo iliyoachwa uijaze nini? Ukiipa 1.2 unadanganya, kwa sababu iliachwa kwa kuwa ilikuwa mibaya. Ukiipa sifuri unatia chumvi. Njia yenye uungwana ni kutumia mavuno ya mwisho yaliyoandikwa kabla meli hazijaondoka. Tuseme ni 0.3: 17 × 0.3 = 5.1, jumla 13.5. Kumbe kipimo cha wingi kimeshuka kwa zaidi ya nusu huku wastani ukiwa umetulia tuli.

Sababu ya pili ya dalili hiyo hiyo ni muda wa kutafuta. Tofauti na samaki wengi, ngisi hana kibofu cha hewa, hivyo mwangwi wake kwenye kipima kina ni hafifu, na nahodha anaweza kuzunguka saa nyingi akisoma ukungu mwembamba juu ya sakafu ya bahari kabla ya kushusha wavu. Saa hizo haziingii kwenye daftari. Mwanzoni mwa msimu meli inatafuta saa 1 na kukokota 10. Mwishoni inatafuta 6 na kukokota 5. Ongeza safu moja kwenye fomu: “saa za kutafuta”. Usizijumlishe na za kukokota. Ziweke kando, uwiano wao wenyewe ni kipimo.

Dalili: mavuno yanapanda katikati ya msimu

Usifurahi wala usifute. Fungua vipimo vya mwili kwanza.

Mwangalizi melini anapima urefu wa joho, kile kifuko cha mwili kinachobaki ukiondoa kichwa na mikono. Hupimwa upande wa mgongo, hadi nusu sentimita iliyo chini, pamoja na jinsia na hatua ya kukomaa. Kama urefu wa wastani ulikuwa ukipanda wiki hadi wiki, kisha unashuka ghafla siku ile ile mavuno yanapopanda, kundi jipya la wadogo limeingia uwanjani. Chati ya urefu itaonyesha vilima viwili badala ya kimoja. Kama urefu haukubadilika, tafuta sababu nyingine: meli zimehamia mraba mwingine, wavu umebadilishwa, au meli dhaifu zimeondoka na wastani umebaki wa zenye nguvu.

Na hapa ndipo tani zinapopotosha. Ngisi hukua upesi sana. Kwa uzito wa wastani wa gramu 40, tani 1 ni ngisi 25,000. Wakifika gramu 60, tani hiyo hiyo ni ngisi 16,667. Meli iliyovuta tani 1 kwa saa mwanzoni na tani 1 kwa saa baadaye imepoteza theluthi ya ngisi kwa idadi, na ripoti ya tani haitasema. Geuza kila siku tani kuwa idadi kwa uzito wa wastani wa siku hizo na eneo hilo. Sampuli ya ngisi 100 kwa mkokoto, iliyochukuliwa kabla kiwanda hakijawachambua kwa ukubwa, inafaa. Sampuli iliyochukuliwa kwenye trei zilizochambuliwa haifai hata iwe ya ngisi 1,000.

Dalili: nambari zimetawanyika ovyo, na mikokoto ya usiku ina mavuno makubwa

Ngisi wa jamii ya loligo hukaa karibu na sakafu mchana na kupanda usiku. Wavu wa chini unafungua mita chache tu kwenda juu, hivyo mkokoto wa mchana na wa usiku ni vipimo viwili tofauti vya bahari moja. Usivichanganye. Tena usitenganishe kwa saa ya ukutani, maana mapambazuko huhama msimu ukisonga. Kokotoa kimo cha jua kwa tarehe na mahali, na mkokoto ulioanza mchana ukaishia gizani uweke kundi lake peke yake.

Ukiona mikokoto ya usiku inanasa kama ya mchana, kagua saa kabla ya kuandika ugunduzi. Kifaa cha setilaiti huandika UTC (saa ya kimataifa), daftari huandika saa za melini. Kwenye eneo lililo saa 3 nyuma ya UTC, mkokoto wa 17:00 unasomeka wa 20:00 na tayari umeingia giza. Kwa madaftari yanayoandikwa kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada wa saa 6: “saa 4” ya asubuhi ni 10:00, na anayeingiza nambari asiyejua hilo ataipeleka 04:00. Tumia tarakimu nne na ukanda wa saa kila mahali, hakuna ubishi.

Dalili: setilaiti inasema saa 14 za kukokota, daftari linasema 9

Kifaa cha kufuatilia meli hakioni wavu. Kinatuma mahali na kasi kila baada ya muda fulani, mara nyingi saa 1 au 2, na wewe ndiye unayekisia kuwa meli iliyo kwenye noti 3 inakokota. Chora chati ya kasi kwa meli moja: utaona vilima vitatu. Kimoja karibu na sifuri, meli imeelea ikisindika. Kimoja kati ya 3 na 4, inakokota. Cha mwisho ni mwendo wa safari, 9 na kuendelea. Weka mipaka kwenye mabonde kati ya vilima, meli kwa meli, badala ya kutumia kipimo kimoja kwa wote.

Saa zilizozidi hutoka wapi? Hali mbaya ya hewa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Meli inayopiga makasia dhidi ya upepo mkali, kwa usemi wa mabaharia, inaweza kushuka hadi noti 4 bila wavu majini. Kwa uvuvi wa mchana, pointi hizo zikiangukia usiku wa manane zitupe. Saa zilizopungua, kwa upande mwingine, hutoka kwenye vipindi virefu vya kutuma: mkokoto wa dakika 90 unaweza kuanza na kuisha kati ya ishara mbili za saa 2 usionekane kabisa. Rekebisha kwa meli zenye mwangalizi, ambako saa halisi zinajulikana. Pata uwiano, utumie kwa nyingine. Ukikuta uwiano unatofautiana sana kati ya meli moja na nyingine, usitumie wastani.

Dalili: meli moja inawapita wote, au imebadilika ghafla

Uliza mambo matatu: wavu, milango ya wavu (yale mabamba mawili mazito yanayoutanua), na waya zinazounganisha milango na wavu. Kimojawapo kimebadilishwa.

Ukokotoaji wa eneo lililofagiwa unaonyesha kwa nini. Noti 3.5 kwa saa 3 ni maili 10.5, kilomita 19.4. Kwa upana wa mita 20 kati ya mabawa ya wavu, eneo ni kilomita za mraba 0.39. Kwa mita 100 kati ya milango, ni 1.94, mara 5. Ipi ni sahihi inategemea kama waya na vumbi la tope vinawaswaga ngisi kuelekea mdomoni, au vinawapita. Chagua moja, itaje, usiibadilishe katikati ya mfululizo wa miaka. Mtu aliyebadilisha bila kuandika ametengeneza anguko la asilimia 80 ambalo warithi wake watalitafutia sababu kwenye joto la bahari.

Kwa kundi zima la meli, tumia modeli ya takwimu yenye meli, mraba, kina, saa ya siku na wiki, kisha chukua mchango wa wiki peke yake kama kipimo cha wingi. Meli iliyobadilisha vifaa ipe jina jipya kuanzia siku hiyo, kana kwamba ni meli nyingine.

Usisahau sifuri. Mikokoto isiyopata ngisi ikifutwa, au ukichagua tu safari ambazo ngisi ni zaidi ya nusu ya mzigo, umeondoa ushahidi wa uhaba kabla ya kuanza. Lengo la mkokoto liulizwe kabla wavu haujapanda. Mfuko ukishamwagwa sitahani, kila nahodha alikuwa analenga kilichopatikana.

Dalili: mstari wa upungufu ni mzuri mno

Njia ya upungufu, iliyojengwa na Leslie na Davis mwaka 1939 na DeLury mwaka 1947, inachora mavuno kwa saa dhidi ya jumla iliyokwisha kuvuliwa. Mteremko ni kigezo cha unasaji. Mstari unapokata mhimili wa chini ndipo idadi ya mwanzo. Tuseme ngisi 30,000 kwa saa mwanzoni, na baada ya milioni 150 kuvuliwa ni 24,000. Mteremko ni 6,000 kugawanya kwa milioni 150, yaani 0.00004. Idadi ya mwanzo ni milioni 750, wamebaki milioni 600. Nadhifu.

Sasa weka kalenda. Kama hayo yalichukua siku 40, na vifo vya asili ni 0.0133 kwa siku, vifo hivyo peke yake vingeacha asilimia 59 bila meli hata moja kuwepo. Lakini mavuno kwa saa yameshuka kwa asilimia 20 tu. Haiwezekani, isipokuwa ngisi wengine wameingia uwanjani, au meli zimekuwa zikijua kukokota vizuri zaidi, au ni ule ubanaji wa makundi uliotajwa juu. Mstari ulionyooka umeficha yote mawili, kutoka na kuingia. Modeli lazima iwe na vifo vya asili, na iruhusu makundi kuingia kwa tarehe maalumu zinazothibitishwa na vipimo vya joho. Usiongeze kundi jipya kila nambari inapopanda. Bila urefu kushuka, hakuna kundi.

Kinyume chake pia hutokea: mavuno yanaporomoka ilhali kilichovuliwa ni kidogo. Ngisi waliokomaa huondoka kwenda kutaga. Tazama hatua za kukomaa na uwiano wa jinsia wa wiki mbili zilizotangulia. Majike waliokomaa wakitoweka kwenye sampuli kabla ya wengine, wamehama. Modeli isiyojua hilo itasoma uhamaji kama uvuvi, itatoa kigezo cha unasaji kikubwa mno na idadi ya mwanzo ndogo mno.

Uvuvi wa ngisi aina ya *Doryteuthis gahi* Visiwani Falkland, kusini mwa Atlantiki, unaonyesha kwa nini hesabu hii haiwezi kusubiri mwisho wa mwaka. Kuna misimu miwili kwa mwaka, kila mmoja ukitanguliwa na utafiti wa baharini. Meli huripoti kila siku, modeli ya upungufu huendeshwa msimu ukiendelea, na kiwango cha chini cha ngisi wanaopaswa kubaki wakataga ni tani 10,000. Makadirio yakielekea kugusa hapo, uvuvi hufungwa mapema. Kwa utaratibu wa namna hiyo, kosa la saa la meli tatu tu linaweza kusogeza tarehe ya kufunga.

Makadirio ya modeli na ya utafiti wa kabla ya msimu yakipishana mara mbili au zaidi, usichukue wastani wao. Rudi kwenye kigezo cha unasaji: kilinganishe na cha misimu iliyopita ya meli zile zile na wavu ule ule. Kikiwa nje kabisa ya upeo wa miaka mingine, kosa liko kwenye saa, kwenye mahali au kwenye uzito wa wastani, kwa mpangilio huo wa kutafuta.